Nimefanya kazi benki kubwa miaka saba, nawapa nyota tatu

Watu wengi wananiuliza hivi kule benki pakoje, niombe kazi au niachane napo, na kila siku najibu nusunusu kwa meseji, sasa leo naandika yote mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii tu. Jina la benki silitaji na hata ningelitaja lisingewasaidia sana, maana nimekaa na watu waliotoka benki nyingine kubwa za zamani na tukianza kusimulia tunamaliziana sentensi. Naongelea ile benki yenye matawi kila kona, makao makuu yenye ghorofa, ambako wafanyakazi wanapimana kwa mwaka walioingia kazini kabla hata hawajaulizana majina.

Nyota tatu kati ya tano. Zilikuwa nne mpaka mwaka wa tano, moja ikadondoka kwa kisa ntakachokisimulia huko chini.

Tuanze na hela maana najua ndo mnachosubiri. Mshahara hauchelewi, miaka saba haujachelewa hata siku moja, tarehe ikiangukia mwisho wa wiki unaingia kabla. Bima ya afya ipo na inafanya kazi, pensheni ikikatwa inafika kunakotakiwa. Ila kiwango cha kuanzia sio kile watu wa nje wanachodhani, mtu akikuona na tai anajua unalala juu ya noti, kumbe noti zote unazozishika kutwa nzima zina wenyewe. Kinachowabakiza watu pale sio mshahara, ni mkopo wa wafanyakazi. Unapewa mkopo wa nyumba kwa riba ambayo mteja wa dirishani hawezi hata kuiota, unasaini kwa furaha, afu husomi ule mstari unaosema ukiacha kazi riba inarudi ya soko au deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Kuna jamaa nilikaa naye meza moja, alipata barua ya kazi kwingine, mshahara mnono kuliko wa pale, akakaa na kikokotoo mchana kutwa anabonyeza anafuta, jioni akaikunja ile barua akairudisha mfukoni. Yupo mpaka leo. Kwahiyo kabla hujachukua ule mkopo jiulize unataka kukaa miaka mingapi, usije ukagundua baadae kwamba jibu alishalitoa mtu mwingine kwa niaba yako.

Haya, sasa foleni. Na sisemi foleni ya wateja.

Siku ya kwanza utumishi wanakupa namba ya mfanyakazi, mi nikaichukulia ni ya kitambulisho tu, kumbe ile namba ndo ukoo wako. Ukiwa na namba ndogo we mkubwa, ukiwa na namba kubwa we mdogo, na watu wanazijua za wenzao kwa kichwa. Saraka ya simu za ofisi haijapangwa kwa alfabeti, imepangwa kwa vyeo, na ndani ya cheo kimoja imepangwa kwa namba, kwahiyo ukimtafuta mtu inabidi kwanza ujue ni mkubwa kiasi gani. Wiki yangu ya tatu nikaandika imeli kwa watu sita nikaweka majina kama yalivyonijia kichwani. Baada ya nusu saa nikaitwa pembeni na dada mmoja mstaarabu sana, akaniambia taratibu, mdogo wangu, umemuweka mzee fulani baada ya fulani, na mzee ameona. Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikaandika imeli ya pili ya kuomba radhi, na hiyo nayo ikabidi nipange majina, nikawa natetemeka kuliko siku ya intavyuu.

Na mkiwa kwenye kikao mnakaa kwa utaratibu huohuo japo hakuna aliyeandika popote. Unaingia chumbani viti vyote viko wazi, unaona watu wamesimama wanazugazuga na simu mpaka mkubwa akae, afu ghafla kila mtu anajua kiti chake. Mgeni akija akakaa kwenye kiti cha mtu hamna atakayemwambia kitu, ila kikao kizima kinakuwa kama kina jiwe ndani ya kiatu.

Kitu ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba foleni ziko mbili. Kuna wale walioingia kama makarani na kuna wale walioingia kama maafisa, na hizi foleni hazikutani mpaka kustaafu. Mimi niliingia afisa mwanafunzi, cheti changu hakijakauka wino, na tayari kwenye karatasi nlikuwa juu ya mama mmoja mwenye miaka 29 kazini. Tulikuwa tunamuita Mama Hazina, maana yeye ndo alikuwa keshia mkuu wa tawi na mmoja wa wanaoshika funguo za chumba cha fedha. Yule mama alikuwa ananiita bosi. Mi naona aibu, namwambia mama niite jina langu, ananijibu, hapana bosi, utazoea. Na kweli baada ya mwaka nikawa nimezoea, kitu ambacho sikipendi mpaka leo nikikikumbuka.

Sasa mnisikilize hapa maana hapa ndo penye utamu wa hii kazi.

Maafisa wanafunzi wote wanaanzia dirishani miezi sita, wanasema ili uijue benki kutoka chini. Mwezi wangu wa pili, siku ya mwisho wa mwezi, foleni imefika nje, nimehesabu hela mpaka vidole havina alama, tumefunga milango naanza kubalansi napata shoti ya 27,000, yaani hela kwenye droo imepungua kwa kiasi hicho. Nahesabu tena, 27,000. Namuomba mwenzangu anihesabie, 27,000. Kwa wasiojua, keshia akipata shoti analipa mwenyewe, na hata ukilipa jina lako linaandikwa kwenye daftari la tofauti, likijirudia unaitwa. Na tawi zima haliondoki mpaka madirisha yote yabalansi, kwahiyo kuna watu kumi na kitu wamekaa na mabegi yao mapajani wananiangalia. Machozi yako karibu, napekua vocha, zile karatasi za miamala ya siku, moja moja kutoka ya kwanza, ziko mia na zaidi.

Mama Hazina akaja akasimama nyuma yangu, hakugusa hela hata noti moja. Akauliza, shoti ya ngapi? Nikamwambia. Akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili, afu akasema, mbili na saba ni tisa, kuna mahali umegeuza tarakimu. Acha kuhesabu hela bosi, hela ziko sawa, ulichokosea ni kuandika. Tafuta 14 na 41, 25 na 52, 36 na 63, 47 na 74, 58 na 85, 69 na 96. Nikamuona kama mganga. Nikaanza kupekua vocha naangalia hizo jozi tu, dakika tano hazijaisha nikaikuta: mteja kaweka 36,000, slipu yake imeandikwa vizuri kabisa 36,000, na mimi kwenye kompyuta nimeingiza 63,000. Sistimu inaamini nimepokea 63,000, droo inasema hapana.

Baadae akanieleza. Ukigeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani, tofauti inayopatikana lazima igawanyike kwa tisa, haina namna. Na ukiigawanya unapata nafasi iliyopo kati ya hizo tarakimu mbili, 27 ukigawa kwa 9 unapata 3, kwahiyo unatafuta namba zinazopishana kwa tatu. Kama tofauti haigawanyiki kwa tisa lakini inagawanyika kwa mbili, chukua nusu yake utafute muamala wa kiasi hicho, labda umeingizwa upande sio, cha kutoa kimewekwa kwenye kupokea. Kama vyote hivyo hakuna, ndo unarudi kuhesabu noti. Hii hesabu wahasibu wa zamani wote wanaijua, ila kwenye yale mafunzo ya wiki sita niliyopewa, na vitabu vyake vizito na tabasamu la kuhudumia mteja, haikuwepo hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia wazee wa benki ni mizigo watolewe wote waletwe vijana na mashine, namuuliza tu, 27,000 ikipungua wewe unaanzia wapi?

Hiyo ndo nyota ya kwanza na ya pili kwa pamoja, nawapa wazee, na hasa wale ambao hawajawahi kuwa na ofisi yenye mlango.

Nyota ya tatu nawapa taratibu, zile zile ambazo mwaka wa kwanza nilikuwa nazilaani. Funguo za chumba cha fedha zinashikwa na watu wawili, kila mmoja ana nusu yake, na hawaruhusiwi kukabidhiana hata mmoja akiwa anaumwa. Muamala ukizidi kiwango fulani anayeuingiza ni mmoja na anayeuidhinisha ni mwingine. Kila baada ya miaka michache unahamishwa dawati au tawi hata kama ndo umeanza kupapenda. Na kuna likizo ya lazima, wiki mbili mfululizo, paswedi yako inafungwa, huruhusiwi hata kupiga simu kuuliza kazi inaendaje. Mwaka wa kwanza nikasema hawa watu wana huruma kweli, wananilazimisha kupumzika! Huruma gani, wanataka mtu mwingine akae kwenye kiti chako aone unachokifunika.

Na wana sababu. Mwaka 1995 benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilikufa kwa mkono wa kijana mmoja wa miaka 28 aliyekuwa Singapore, Nick Leeson, ambaye alikuwa anafanya biashara kwenye soko la fedha na wakati huohuo anasimamia ofisi inayohakiki hizo biashara. Yaani yeye mwingizaji, yeye muidhinishaji. Hasara akaificha kwenye akaunti namba 88888, ikafika pauni milioni 827, na benki yenye miaka zaidi ya 230 ikauzwa kwa ING ya Uholanzi kwa pauni moja. Mwaka huohuo ikaibuka ya Daiwa ya Japani, tawi la New York, huyu wa kwao Toshihide Iguchi alificha hasara ya dola bilioni 1.1 kwa miaka 11, na hakuna aliyemgundua, aliandika barua mwenyewe kukiri. Naye alikuwa anauza na kununua hati fungani za serikali huku anasimamia na utunzaji wa vitabu vyake. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Marekani ikatoa mwongozo kwamba walioko kwenye nafasi nyeti wawe nje ya dawati wiki mbili mfululizo kila mwaka. Kwahiyo ukiona unafungiwa paswedi usinune, wewe nenda kalale.

Mi hizi hadithi nilizisikia kwenye mafunzo na nikazipenda sana, maana zilinifanya nione zile sahihi nyingi zina akili. Fomu moja sahihi nne, tano, nikawa nasema sawa, macho matano ni bora kuliko moja. Ilinichukua miaka kujua kwamba sahihi na jicho ni vitu viwili.

Sasa kile kisa.

Mwaka wa tano niko makao makuu, kitengo cha mikopo ya wateja wakubwa, kazi yangu kuandaa faili. Mi ndo naandaa, mkuu wa kitengo anahakiki, linapanda kwa meneja, linapanda kwa mzee wa idara, linaingia kamati. Likaja faili la mteja wa zamani, anataka kuongezewa mkopo. Nikapitia dhamana nikaona mambo mawili. La kwanza, tathmini ya ghala lake ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita na sera yetu wenyewe inasema isizidi miwili. La pili, orodha ya mali iliyomo ndani ya ghala ilikuwa inafanana neno kwa neno na orodha aliyotupa kwenye mkopo uliotangulia, mpaka makosa ya kuandika yalikuwa yaleyale, kuna sehemu neno lilikosa herufi kwenye ile ya zamani na limekosa herufi ileile kwenye mpya. Yaani mtu kachukua karatasi ya zamani kabadilisha tarehe. Nikaandika aya mbili kwenye faili, kistaarabu, napendekeza tathmini mpya na tukahesabu mali upya kabla ya kamati.

Mkuu wangu akasoma, akaniita. Akaniambia ulichoandika ni kweli, lakini mzee wa idara ndo aliyemleta huyu mteja benki, enzi hizo wewe uko shule. Nikamwambia basi tumuonyeshe mzee. Akacheka, sio kwa dharau, alicheka kama mtu aliyechoka. Akasema zile aya zihamishie kwenye kiambatisho cha mwisho, zisikae mbele. Nikazihamisha. Mi mwenyewe, kwa mkono wangu, hilo silimsingizii mtu.

Kwenye kamati niliingia kubeba mafaili tu, wadogo hawaongei mpaka waulizwe. Mzee akalishika faili, hakufungua, akaliweka mkono juu kama anayelipapasa, akasema, huyu namjua miaka mingi, ni mtu wa maneno yake. Kikao kikawa kimya. Walikuwemo watu wanane, na watatu kati yao najua kabisa walisoma kile kiambatisho maana waliniuliza korido. Nikasubiri hata mmoja akohoe. Mwenyekiti akauliza kuna maoni, mmoja akasema mimi sina la kuongeza kwa alilosema mzee, wa pili akasema na mimi hivyohivyo, na ikazunguka meza nzima kwa mpangilio wa ukubwa, na kadiri ilivyoshuka sauti zilikuwa zinapungua. Sahihi nane. Dakika kama nne hivi.

Miezi kumi na minne baadae ukawa mkopo chechefu, yaani haulipwi tena. Walipoenda ghalani wakakuta nafasi kubwa sana ya kupigia mpira. Wakaja wakaguzi wa ndani, wakafungua faili, na mnajua walianza na nani? Walianza na aliyeandaa. Nikapewa barua ya kujieleza, kwa nini nilipeleka faili lenye tathmini iliyopitwa na wakati. Nikajibu someni kiambatisho cha mwisho. Wakasoma, wakakubali, wakabadilisha hoja: kwa nini jambo zito hivyo ulilificha kwenye kiambatisho? Na hapo sikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa na namba ndogo ya mfanyakazi na mimi nina namba kubwa. Mkuu wangu alipata onyo la mdomo, mimi nikapata la maandishi, mzee wa idara alistaafu mwaka huo kwa heshima zote na hotuba ndefu, na nitasema ukweli hata mimi nilipiga makofi.

Nyota ya nne ilidondoka siku hiyo. Zile sahihi nilizokuwa nazisifia, kumbe kila mtu anasaini kwa kumuangalia aliyetangulia. Wa chini anasema wakubwa watanirekebisha, wa juu anasema wadogo wameshahakiki, mzee anasema namjua. Utaratibu upo, umetimizwa wote, hakuna hata kiboksi kimoja kilichoachwa wazi, na hakuna aliyeangalia ghala. Ukitaka kuona tofauti nenda kaangalie Mama Hazina na mwenzake wakifungua ule mlango wa chuma, pale hamna anayemuamini mwenzie na hamna anayeona ametukanwa, mmoja anahesabu kwa sauti na mwingine anahesabu upya palepale mbele yake. Chumba cha fedha wanahakikiana hivyo, afu juu kwenye kamati ambako fedha inayotoka ni mara elfu ya hiyo wanasema namjua. Mi hiki kitu sikukielewa na sijakielewa.

Mengine napita haraka haraka.

Tathmini ya utendaji ni ya 1 mpaka 5 na kila kitengo kina idadi ya 5 kinazoruhusiwa kutoa, kwahiyo hata mkifanya vizuri wote lazima wengine mshushwe ili hesabu itimie. Na 5 haiendi kwa aliyefanya kazi, inaenda kwa ambaye zamu yake ya kupanda cheo imefika, maana bila 5 mbili mfululizo hapandi. Bosi wangu mmoja alikuwa mkweli sana, akaniambia mwaka huu ni wa fulani, wewe mwaka kesho kutwa, vumilia. Nikavumilia. Mwaka kesho kutwa ulipofika bosi kahamishwa, aliyekuja hana habari ya zile ahadi, foleni ikaanza upya.

Kukaimu nako. Nafasi ikiwa wazi hawajazi, wanakupa kuikaimu, unafanya kazi yote ya juu pamoja na yako ya chini, mshahara uleule. Nilimkaimia mtu miezi kumi na tisa, na kuna kipindi yeye mwenyewe alikuwa anakaimu kwa mwingine, kwahiyo barua zangu zilikuwa zinatoka na kaimu mbili. Afu nafasi ikaja kupewa mwenye namba ndogo kutoka kitengo kingine, na nikaambiwa nimuelekeze kazi.

Masaa: kwa mteja milango inafungwa mchana, wewe unatoka giza. Mwisho wa mwezi usipange kitu, mwisho wa mwaka usipange kabisa. Na hata ukimaliza mapema huondoki kabla ya bosi, na bosi haondoki kabla ya bosi wake, kwahiyo kuna ghorofa zima la watu wanaofungua na kufunga lahajedwali ileile wakisubiri mtu mmoja ghorofa ya juu avae koti.

Sistimu ni za zamani lakini nazitetea kidogo. Vijana wanacheka zile skrini zisizo na picha, unabonyeza vitufe tu bila mausi, ila keshia mzoefu anaziendesha bila kuangalia mkono na hazigandi. Siku walipoleta ile mpya yenye rangi, foleni iliongezeka mara mbili kwa miezi mitatu.

Wanawake: wengi dirishani, wachache kwenye ile meza ya kamati. Likizo ya uzazi wanatoa bila ubishi, ila ukirudi unakuta uliyekuwa naye sambamba keshakupita, na hamna atakayekubali kwamba hizo miezi ndo sababu.

Kwahiyo niombe au nisiombe? Kama ndo unaanza maisha ya kazi, omba, kaa miaka mitatu minne, jifunze kila kitu kwa makarani wa zamani na usisubiri waite, wafuate wewe. Utajifunza kusoma mizania, utajifunza kuandika barua isiyo na mwanya, utajifunza kuogopa sifuri. Kama una miaka kumi ya uzoefu kwingine, usiende, watakuweka nyuma ya foleni kama mtoto maana uzoefu wa nje hauna namba. Na kama we ni mtu ambaye ukiona kosa mdomo unakuwasha, nenda tu lakini kwenye ukaguzi wa ndani, pale ndo mahali pekee unalipwa kwa huo muwasho.

Na faili lako weka nakala. Wasiwasi wako andika mbele, ukurasa wa kwanza, na mtu akikwambia ukiweke kwenye kiambatisho mwambie akuandikie imeli. Hataandika. Ukiona haandiki ujue umeshapata jibu lako.

Mimi niliondoka mwaka wa saba. Mkopo wa nyumba sikuwahi kuchukua, ndo maana niliweza. Unatoa notisi, unapewa fomu ya kukabidhi yenye sehemu kumi na moja za kusaini: maktaba, stoo, mikopo, usalama, kompyuta, mpaka mtu wa maegesho na sijawahi kuwa na gari. Nikazunguka nayo siku mbili. Kila ofisi wanasaini bila kuinua kichwa, muhuri tap, haya kila la heri. Utumishi wakasaini, bosi wangu mpya akasaini huku anaongea na simu.

Ya mwisho ilikuwa ya hazina, ya tawini nilikoanzia, kuthibitisha kwamba sina shoti ambayo sijailipa. Mama Hazina amebakiza miezi michache astaafu, cheo kilekile, kiti kilekile. Akaichukua fomu akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu. Zote kumi na moja, anapitisha kidole. Nasimama namsubiri, nasema moyoni mama saini tu nikaondoke. Akafika kwenye tarehe yangu ya kuanza kazi, akafungua daftari lake la zamani, akaangalia, akarudi kwenye fomu.

Umeandika tarehe 21, akasema. Ulianza tarehe 12. Kumi wamesaini.

Akanirudishia fomu na kalamu. Kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina langu.